Masafa Yaliyoishia Barabarani

Imenifikia leo asubuhi kutoka kwa mtu ninayemheshimu, nami naipitisha kama nilivyoipokea. Ukianza kuisoma, usiishie njiani.

Katika nchi ya Umbako, nchi ya milima na mabonde, anga lilikuwa mali ya wananchi wote, na mfalme alilishika kwa niaba yao. Kampuni ya simu ikitaka kupitisha sauti za wateja wake, ilibidi iombe kwa mfalme njia ya angani, ile ambayo mafundi huiita masafa. Waombaji wakizidi, masafa yalipigwa mnada.

Masafa hayakuwa sawa. Ya juu yalibeba mzigo mkubwa lakini yalichoka upesi. Yakikutana na mlima, ndio mwisho wake. Ya chini yalibeba kidogo, ila yalikwenda mbali, yakapenya kuta na kuzunguka vilima mpaka mabondeni. Hayo ya chini yalikuwa machache, na kila kampuni iliyamezea mate.

Aliyeyapata alikuwa Bwana Shekiondo, mwenye kampuni ya Mwangwi. Aliyachukua yote. Tuseme kweli, hakuyahitaji yote. Alitaka tu Bi Kitojo, mshindani wake mwenye kampuni ndogo, asipate hata kipande. Bi Kitojo akabaki na masafa ya juu, akawahudumia watu wa mjini.

Mfalme Lukindo alimkabidhi Shekiondo leseni kwa sharti moja.

"Masafa haya yasikike katika kila kijiji cha Umbako. Muda wa leseni ukiisha nitatuma wakaguzi. Yakisikika, utapewa tena. Yasiposikika, yanarudi kwangu."

"Mtukufu Mfalme, hilo halina shaka," alijibu Shekiondo, na siku ile aliamini anachokisema.

Lakini kujenga mnara mlimani si mchezo. Vyuma hupandishwa kwa mabega ya watu, jenereta linataka mafuta, na wateja wa kule hununua vocha ndogo kabisa wakaikalia mwezi mzima. Shekiondo akaahirisha, akaahirisha tena. Kisha akagundua jambo lililomfurahisha sana: wakaguzi wa mfalme walipima mtandao wakiwa ndani ya gari, mitambo imefungwa juu ya paa, na gari lenyewe halikuacha lami.

Akamwita injinia wake, Mbazi.

"Minara yote ifuate barabara kuu."

"Na Kwesindi, mzee? Na vijiji vya mabondeni?"

"Gari la wakaguzi linafika Kwesindi?"

"Halifiki."

"Basi umejijibu mwenyewe."

Mbazi alijua kwamba masafa yale yangeweza kuwafikia watu wa mabondeni, mradi minara ipandishwe juu mlimani. Alitaka kusema, akakumbuka ana watoto shuleni. Akaenda kujenga kando ya lami.

Miaka ikapita. Huko Kwesindi simu zilikuwa za kumulikia njia na kusikilizia redio. Mtu akitaka kupiga, aliteremka mpaka barabarani. Mama mjamzito akizidiwa, mtu alitumwa mbio kwa miguu kutafuta msaada. Masafa ya kuwaokoa yalikuwepo juu ya vichwa vyao, lakini yalikuwa na mwenyewe, na huyo mwenyewe alikuwa ameyakalia.

Muda wa leseni ulipokaribia kwisha, wakaguzi walipita na gari lao. Kila walipopima, mtandao umejaa. Wakarudi kwa mfalme na sifa tupu.

Shekiondo akaitwa kwenye kasri. Alikwenda na hofu, kwa sababu minara yake yote ilitegemea masafa yale. Yakiondoka, na kampuni imekwisha.

Mfalme alimpokea kwa tabasamu. "Wakaguzi wamekusifu sana. Basi tusherehekee. Waalike wenyeviti wa vijiji vyote waje washuhudie nikikupa leseni mpya. Waalike wewe mwenyewe, kwa simu."

"Kwa simu, Mfalme?"

"Kuna tatizo?"

"Hakuna hata chembe."

Alitoka pale haraka. Alipofika ofisini akawakusanya waendesha pikipiki waliobobea katika njia za milimani, akampa kila mmoja vijiji vyake na mifuko ya sukari ya kuwapelekea wenyeviti.

"Waambieni waje bila kukosa," akasema. "Na wakiulizwa, waseme waliitwa kwa simu."

Pikipiki zikapanda. Zilipita vijia vya wachunga mbuzi, zikavuka vijito, nyingine zikasukumwa kwa mikono penye matope. Hakuna kijiji kilichorukwa.

Siku ya sherehe ukumbi wa kasri ulijaa pomoni. Shekiondo alikagua viti kwa macho, asione hata kimoja kitupu. Roho ikamtulia. Alipomwona Bi Kitojo amekaa nyuma kabisa, akampungia mkono kwa bashasha, na Bi Kitojo naye akampungia kwa adabu.

Pilau ikaletwa. Watu wakanawa. Ndipo mfalme akainua mkono.

"Jamani, mbona mnataka kutuaibisha? Nyumbani mmewaarifu?"

Katika Umbako ni aibu mgeni kutia mkono kwenye sahani kabla watu wa kwake hawajajua kwamba amefika salama. Zamani waliwasha moto kileleni, nyumbani wakauona moshi wakapumua. Shekiondo alilelewa katika desturi hiyo, na kila aliposafiri alimpigia mkewe kabla ya kula. Lakini katika mipango yake yote ya siku zile haikumpitia kichwani hata kidogo.

"Pigeni," akasema mfalme. "Na sauti muweke juu, tuwasalimie wote."

Mwenyekiti wa kijiji cha barabarani akatangulia.

"Umefika, baba Tumsifu?" sauti ya mkewe ikajaa ukumbini. "Haya, usile kama huna kwako!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wa pili naye akapata. Kisha akapiga mwenyekiti wa Kwesindi, mama mtu mzima aitwaye Bi Nakajumo.

"Samahani," simu ikasema, "namba unayopiga haipatikani kwa sasa."

Akapiga wa bonde la pili. Haipatikani. Jirani yake naye akapiga. Haipatikani. Mwishowe wakawa wanapiga wote kwa pamoja, na ukumbi mzima ukajaa sauti ile ile ya dada mpole, ambaye Shekiondo mwenyewe alimchagua miongoni mwa wengi kwa sababu ya upole wake.

Bi Nakajumo akazima simu yake.

"Mfalme wangu, sukari ya huyu bwana nimeila, kwa hiyo sitamsema vibaya. Lakini nisiwacheleweshee chakula. Wa kwangu watajua nimefika salama nitakapokuwa nimerudi."



Shekiondo akapiga magoti. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, lakini ulimi ulikuwa bado unajitetea.

"Nisamehe, Mfalme. Kule hakufikiki. Milima ile unaijua mwenyewe. Njia hakuna."

Mfalme alimtazama, kisha akatazama viti.

"Bwana Shekiondo, viti vyote vimejaa, na aliyewaleta hawa ni wewe. Leseni yako ilipokuwa hatarini, uliwafikia wote, hukusahau hata mmoja. Njia uliiona."



Masafa yakarudi kwa mfalme siku hiyo hiyo. Baadaye yaligawanywa vipande kwa Bi Kitojo na wengine, kwa masharti kwamba mnara wa kwanza usimame mlimani na wa barabarani ufuate. Wakaguzi nao wakanyang'anywa gari, wakapewa viatu.

Bi Nakajumo hakula pale. Aliomba afungiwe pilau yake, akaondoka nayo mapema ili nyumbani wasikae na wasiwasi.

Funzo: Anayekufikia siku anayokuhitaji, angeweza kukufikia hata siku uliyomhitaji wewe. Alichokosa hakikuwa njia, bali nia.