Kitanda Kisichofanana na cha Mtu

Wapendwa, naomba niwapeleke kidogo kwenye karakana ya seremala. Msiogope vumbi, hatukai sana.

Kulikuwa na seremala mmoja, fundi wa vitanda, na kazi yake alikuwa anaipenda kwelikweli. Alikuwa na bati moja lenye matundu. Kila mguu wa kitanda na kila mfumbati, ile mbao ndefu ya ubavuni, alivitoboa kwa kufuata bati lile, ndiyo maana mbao zake zote zilikubaliana. Ukitaka kichwa chenye nakshi, unapewa. Ukitaka miguu mirefu ili masanduku yaingie chini, haya, chukua. Mtaa mzima ulilala kwenye vitanda vyake, na huoni viwili vinavyofanana. Mtoto akirefuka, mama anafuata mifumbati mirefu tu. Mbao ikivunjika, unaazima ya akiba kwa jirani, unakaza bolti, unalala. Fundi akisikia hayo, roho yake inatulia.

Sasa binti yake wa pekee akachumbiwa. Baba akasema nini? "Wa kwangu hatalalia kitanda cha watu wote." Akaliweka bati pembeni, akachagua mbao safi za mninga, akatoboa matundu mahali pengine kabisa.

Mkewe akamuuliza, "Baba, hata matundu nayo umebadilisha? Nani anayaona?"

"Mimi nayaona," akajibu. "Mwanangu si wa kufanana na mtu."

Harusi ikapita, watu wakakisifu kitanda kile mpaka fundi akaona haya. Ilikuwa furaha tupu.

Mwaka haujaisha, binti akajifungua mapacha kwa upasuaji. Siku anarudi kutoka hospitali, mashangazi wakajaa kitandani kuwapakata watoto. Mashangazi zetu mnawajua, wakubwa wa mwili na wakubwa wa furaha. Mfumbati ukakatika, paa! Mnadhani majirani walikaa kimya? Chai haijapoa, nyumba nne zimeleta mifumbati yao ya akiba. Wakajaribu wa kwanza, matundu hayakutani. Wa pili, hayakutani. Mbao zimejaa sebule nzima, na hakuna hata moja inayoingia. Fundi mwenyewe alikuwa safarini kufuata mninga, na karakana kaifunga.

Aliporudi kesho yake alimkuta binti yake na kidonda kibichi, godoro liko sakafuni, na kila akitaka kuinuka ni mpaka ashikwe na watu wawili. Fundi akalia, mtu mzima yule.

Binti akatabasamu. "Baba usilie. Katika mtaa huu mimi ndiye uliyempenda kuliko wote, na ni mimi peke yangu niliyelala chini."

Fundi akafuta machozi, akaenda kuchukua bati lake, akaitoboa upya miguu ya kitanda kile cha mninga. Adhuhuri binti alikuwa kitandani na wanawe, ameshikiliwa na mfumbati wa jirani, rangi nyingine kabisa, na usingizi mtamu.

Sasa sisi. Mara ngapi tunamwomba Mungu atutenge na wenzetu, tukaiita baraka? Mtoto wangu asicheze na wale. Shida yangu asiijue mtu. Huzuni yangu hawa hawataielewa. Fundi hakukosea kumpamba mwanawe. Mungu mwenyewe hakutuumba wa rangi moja, na wala hataki tufanane. Alikosea pale pa kuungana. Kuwa tofauti utakavyo, ndugu yangu, lakini pale unaposhikamana na mwenzako, pakubaliane na pake. Maana siku utakapoanguka watu watakuja. Nakwambia watakuja, mikono imejaa. Je, umewaachia pa kukushika?

Haya, mgeukie uliyekaa naye, mwambie jina lako na unapoishi. Msicheke. Kuna watu humu wamekaa benchi moja miaka mitatu.