Siku Bi Mashavu Alipoikataa Togwa

Hapo zamani za kale, na nasema zamani hasa, wakati kobe bado anavua viatu mlangoni na fisi anaomba radhi akikukanyaga, wanyama wa Bonde la Mikoche walikuwa na nyumba zao, majiko yao na majirani zao wa kusengenya, kama sisi tu. Sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, nataka nisikike.

Katika bonde hilo aliishi Mama Zawena, digidigi mwenye miguu myembamba na wasiwasi mwingi. Wasiwasi wenyewe haukuwa wa bure. Binti yake, Zawena, alikuwa ameshikwa na kikohozi cha kifua, kile kinachomla mtu polepole mpaka nguo zinampwaya. Miaka ya nyuma kikohozi hicho kilikuwa kikiingia nyumba, kinaondoka na watoto.

Aliyekizuia ni Bi Mashavu, panya buku. Mdogo huyo! Akisimama hapa hanifiki gotini. Lakini pua yake, wanangu, acheni! Unatema mate kwenye kibuyu, ananusa, fsss, anakwambia kama unacho kikohozi, hata kabla hujaanza kukohoa. Kila alfajiri anachimba mizizi, anaijaza mashavuni, anarudi kuichemsha. Kisha anachora ukutani kwa mkaa: nani kanywa dawa, nani kanenepa, nani bado.

"Mzizi huu ni mpya," alimwambia Mama Zawena. "Nataka kujua kama unawafaa watoto. Wanywe miezi sita, wasiruke hata siku moja. Wakikatiza njiani, ugonjwa unarudi na hasira zake, na mimi nitakuwa sijajua lolote."

Zawena alikuwa mwezi wa nne wa dawa, na ameanza kurukaruka tena. Mama yake akimwona anaruka, anageukia ukutani, analia kwa furaha.

Nyumba hiyo ya Bi Mashavu, ya kuchunguzia mizizi na kunusa wagonjwa, iliendeshwa kwa fungu la mtama kutoka ghala la bonde. Wachimba mizizi wanakula humo, wagonjwa wanapata uji humo. Na ufunguo wa ghala alikuwa nao nani? Mzee Kiboko.

Siku moja Mzee Kiboko akaja, pu! pu! pu! mpaka vibuyu vikagongana.

"Shikamoo, Mzee," akasema Bi Mashavu.

"Marahaba. Nina swali dogo. Mwaka huu wamekufa wangapi kwa kikohozi?"

"Hakuna, Mzee. Tunashukuru."

"Mwaka jana?"

"Hakuna."

"Sasa hapa unachunguza nini?"

Bi Mashavu akafungua mdomo. Hakupewa nafasi.

"Kunusa!" akanguruma Kiboko. "Hata mimi nanusa. Kunusa si kazi, bibi. Kesho barazani tunalikata fungu lako. Mtama wake tutawapa mafundi watuchongee ngoma kubwa. Ikipigwa, duuu! mabonde yote ya jirani yajue sisi ni nani."

"Na watoto walio katikati ya dawa?"

"Wakanywe uji wa kwao."

Akaondoka, na kwa kuwa mlango haukumtosha, akaondoka na kipande cha mlango.

Mama Zawena, aliyekuwa pale na binti yake, akamshika Bi Mashavu mkono. "Bi Mashavu, mwanangu amebakiza miezi miwili! Nitamwambia nini mimi?"

Bi Mashavu akakuna mkia. "Togwa ya baraza kesho anapika nani?"

"Mimi."

"Ipike iwe tamu kweli kweli."

"Sasa togwa itatusaidia nini?"

"Wewe pika, shoga."

Hapa niwaeleze desturi yao, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Shauri likishakubaliwa barazani, kata moja ya togwa ilizungushwa, mdomo kwa mdomo, kuanzia mkubwa kabisa hadi mdogo kabisa. Mdogo akishakunywa, shauri limefungwa, halifunguliwi mpaka mavuno mengine. Na mdogo kabisa barazani, kila mwaka, alikuwa Bi Mashavu. Wakubwa hawakuwahi kulifikiria hilo. Wao waliona anayekunywa mwisho anakunywa mabaki tu.

Kesho yake baraza likajaa. Mzee Tembo akakaa mbele, Kifaru kushoto, Nyati kulia. Mzee Kiboko akaeleza habari ya ngoma kwa mbwembwe zote, akiipiga kwa mdomo, duuu! duuu! Wakubwa wakashangilia.

"Mwenye neno?" akauliza Tembo.

Bi Mashavu akawa anakuna mkia tu. Mama Zawena, upawa mkononi, alikuwa anawaka moto. Sema basi, mwanamke! akawaza. Wewe ulivyo na akili zote hizo, leo umemeza ulimi?

"Basi kata izunguke!"

Kata ikazunguka. Tembo, gulu gulu gulu! Kifaru, gulu gulu! Kiboko akanywa, akajifuta mdomo kwa madaha. Nyati akalamba mpaka ukingo. Kata ikateremka, ikateremka, mpaka ikafika kwa Bi Mashavu.

Akaishika kwa mikono miwili. Akainamisha pua. Fsss.

Akasita.

Fsss, tena. Akamtazama Tembo. Akamtazama Kifaru. Akaiweka kata chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Asanteni," akasema. "Leo sinywi."

"Hunywi?" Tembo akatanua masikio. "Kwa nini?"

"Sina kiu, Mzee."

"Mbona umenusa?"

"Mimi? Aa, mazoea tu. Kunusa si kazi."

Vichwa vyote vikageukia kata. Mama Zawena akahisi uso unamwaka: jamani, togwa yangu imeharibika! Lakini Bi Mashavu akamkonyeza, haraka, upande ambao wakubwa hawauoni. Mama Zawena akajifunika kanga mdomoni asije akacheka.

"Umenusa nini kwenye hiyo kata?" Kifaru akauliza, sauti imeshapungua unene.

"Hata nikisema, itasaidia nini? Mwenye nyumba ya uchunguzi ndiye anayesema mambo hayo. Mimi nyumba yangu inafungwa."

"Wote tumeinywea," Nyati akanong'ona. "Koo langu... koo langu linawasha." Koh!

"Usinikoholee!" akafoka Kifaru. Koh! Koh! "Ona sasa!"

"Tulieni," akasema Tembo, "tulieni, hakuna kitu cha..." KOHOOO! Vumbi likatimka, ndege wakahama uwanja mzima.

Wallahi, baraza zima likageuka wodi. Huyu anashika kifua, yule anamwonyesha mwenzake ulimi. Mzee Kiboko peke yake ndiye aliyekaa na mikono kifuani. "Mimi mzima kabisa," akasema. "Upuuzi mtupu."

"Bi Mashavu," Tembo akapiga magoti, na Tembo kupiga magoti si jambo la dakika moja. "Tunuse, mama. Tafadhali."

"Ningependa, Mzee. Lakini shauri limeshafungwa."

"Halijafungwa!" Kifaru akaruka. "Hujanywa! Halijafungwa!"

"Ee, kumbe," akasema Bi Mashavu. "Basi lifanywe nini?"

"Lifutwe!"

"Limefutwa!" akasema Tembo. "Fungu lako libaki!"

"Na la mwaka ujao?"

"Na la mwaka ujao!"

"Na ngoma je?"

"Ngoma ya nini, bibi, na sisi ndio tunakufa!"

Hapo Bi Mashavu akaagiza vibuyu. Wakapanga mstari, wakatema mate, akanusa kimoja kimoja kwa makini, bila haraka, maana kazi ni kazi hata ikianza kwa hila.

"Mzee Tembo, hofu tu. Kifaru, vumbi. Nyati, wewe piga mswaki."

Watu wakaangua kicheko, na Nyati mwenyewe akacheka.

"Sasa tuambie," akasema Tembo, akipumua. "Kwenye ile kata ulinusa nini?"

"Togwa, Mzee. Tamu mno. Roho iliniuma kuiacha."

Wakubwa wakatazamana. Kisha Tembo akaanza kutikisika, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama Zawena alitamani ambebe Bi Mashavu mabegani, amtembeze bonde zima.

Mzee Kiboko hakucheka. "Mnaona? Ametuchezea! Shauri langu lirudishwe! Haya, ninuse na mimi, uniambie ni hofu!" Akatema mate kwenye kibuyu, akamsukumia.

Bi Mashavu akanusa, bado anatabasamu. Fsss.

Tabasamu likaondoka. Akanusa tena. Akanusa mara ya tatu.

Mama Zawena aliacha kucheka. Uso ule aliujua. Aliuona siku Zawena aliponuswa mara ya kwanza.

"Mzee," akasema Bi Mashavu kwa upole, "njoo pembeni."

"Sema hapa hapa hila yako!"

"Hii si hila. Njoo, nakuomba."

Kiboko akamtazama machoni, akainuka, akamfuata mpaka karibu na jiko la Mama Zawena.

"Unacho," akamwambia. "Ndiyo kwanza kinaanza, hata kukohoa hujakohoa. Miezi sita ya mzizi, utapona kabisa. Wenzako nitawanusa kila mwezi, na kuanzia leo kila mtu aje na kata yake."

Mzee Kiboko akakaa chini. Alionekana mdogo ghafla. "Kama ungekunywa ile togwa..."

"Nyumba ingekuwa imefungwa, Mzee."

"Nami ndiye niliyekuja kuifunga." Akainua macho. "Utanitibu kweli? Mimi?"

"Njoo kesho alfajiri. Foleni yetu haiangalii ukubwa. Utakaa nyuma ya Zawena."

Na alikuja. Mama Zawena alimkuta amekaa kwenye foleni, kibuyu magotini, macho chini kwa aibu, asiyejua aanze wapi kuomba msamaha. Zawena akanywa dawa yake, akafuta mdomo, akamgeukia.

"Ni chungu, Babu," akamwambia. "Ziba pua, umeze mara moja. Mimi nitakushika mkono."

Basi wanangu, mwaka ukipita bila msiba, msimnyang'anye mtu kazi yake kabla hamjauliza kama si yeye aliyeuzuia.