Hondohondo Aliyesema "Kwangu Shwari"

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, sijasikia. Watoto mmeitikia vizuri, lakini akina baba huko nyuma mmeitikia kwa pua. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, hivyo ndivyo. Sogeeni karibu. Mwenye mtoto wa kunyonyesha anyonyeshe, mwenye mchele wa kuchambua achambue. Mimi nayataka masikio tu.

Hapo zamani, zamani zile za kale, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana kabla ya kunywa maji, palikuwa na dimbwi. Dimbwi lenyewe dogo, tope kuliko maji. Lakini kila asubuhi wazazi wa porini walikutana hapo. Watoto wao walichezea tope, chubwi! chubwi! Wao wazazi wakapiga soga.

Alikuwepo Mama Ngiri, mwenye watoto wanne na sauti ya kuwatosha wanane. Alikuwepo Bi Nguchiro, mama wa watoto sita, mdogo wa mwili, mwepesi wa ulimi. Na alikuwepo Baba Mbuni. Wake zake walitaga, yeye akaatamia, na sasa analea watoto kumi na wanane. Nasema kumi na wanane, ulimi haujateleza.

"Jamani, mmeamkaje?" aliuliza Mama Ngiri.

"Kuamka? Kwani nani amelala?" alijibu Bi Nguchiro. "Huyu wangu wa nne amegoma kula. Anataka panzi asiye na miguu. Tangu kulipokucha nimekaa nang'oa miguu ya panzi!"

"Na ukishaing'oa?"

"Anamtaka mwenye miguu."

Wakacheka. Kwa! kwa! kwa!

Baba Mbuni naye akasema, "Mimi jana nimehesabu watoto wangu, kumi na wanane. Nimegeuka, nimehesabu tena, kumi na tisa."

"He! Wa kumi na tisa katoka wapi?"

"Mtoto wa kanga. Amekula kwangu, ameoga kwangu. Leo mama yake amekuja kumchukua, analia hataki kuondoka."

Kwa! kwa! kwa!

Ndizo zilizokuwa soga zao. Ukizisikia utasema hawa hawana kazi. Lakini ni hapo hapo Mama Ngiri alipojua mtoto anayeumwa tumbo apewe nini. Ni hapo hapo Bi Nguchiro alipowaacha sita wake kwa Baba Mbuni, akaenda akala, akarudi ameshiba na uso umekunjuka. Soga ilikuwa soga, na kazi ilikuwa inafanyika humo humo.

Sasa aje Hondohondo.

Mnamjua hondohondo? Ndege mwenye mdomo mkubwa, umepinda, utadhani ameuazima kwa mwenye kichwa kikubwa zaidi. Na mila yake mnaijua? Kwao, mama akitaka kutaga huingia ndani ya tundu la mti. Akishaingia, mume huleta udongo. Mke hukandika kwa ndani, mume hukandika kwa nje. Mlango huzibwa wote! Hubaki ufa mwembamba, wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Humo mama hutaga. Humo huatamia. Humo manyoya ya mabawa yake hupukutika, hata akitaka kuruka hawezi. Chakula huletwa na mume, asubuhi, mchana na jioni, mdomo kwa mdomo. Mume asipoleta, hakuna mwingine wa kuleta. Na mila inasema: mahali lilipo tundu hapasemwi kwa mtu yeyote.

Basi Hondohondo huyu mkewe alikuwa ndani ya mti. Mayai mawili yalikuwa yameanguliwa. Na wakati ulikuwa wa kiangazi, panzi wameadimika. Baba wa watu anatafuta huku, anatafuta kule, anapata mmoja. Anapeleka. Anarudi. Anatafuta tena.

Kila asubuhi alipita dimbwini kunywa maji.

"Karibu, Baba Hondohondo! Za nyumbani?"

"Kwangu shwari."

"Mama hajambo?"

"Shwari."

"Na watoto?"

"Shwari tu."

Puruuu! Ameondoka.

Siku ya pili:

"Karibu, Baba! Kaa kidogo, pumzika!"

"Kwangu shwari."

Puruuu! Ameondoka.

Moyoni alisema, "Hawa nao! Watoto wote wale, na bado wanapata nafasi ya kucheka." Na ninyi akina baba msicheke, mnajijua.

Bi Nguchiro alimtazama akienda, akatikisa kichwa. "Shwari gani hiyo inayomkondesha mtu? Mkia wake umebaki manyoya mawili."

Siku moja, jua limeanza kuwaka, Hondohondo akamwona panzi. Panzi mnene, kijani, amekaa juu ya kichaka cha miiba karibu na dimbwi. Hondohondo hakutazama miiba. Alimtazama panzi. Akashuka, puruuu! Mwiba ukamdaka bawa. Kacha! Akaanguka chini, pu!

Wazazi wakaacha soga, wakakimbia. Wakamkuta amelala chali, miguu juu, panzi yumo mdomoni.

"Baba Hondohondo! Umeumia?"

Hondohondo akasema kwa pembe ya mdomo, "Kwangu shwari."

Yuko chali, jamani! Miguu iko juu! Shwari!

Akajiinua. Akajaribu kuruka. Puru, pu! Chini. Akajaribu tena. Puru, pu! Chini. Mara ya tatu hata ile puru haikutoka. Bawa lilikuwa limeteguka, linaburuta vumbini.

Baba Mbuni akainamisha shingo yake ndefu. "Ndugu yangu, nyumbani kwako ni wapi? Tumpelekee mama habari, na watoto chakula."

Hondohondo kimya.

"Baba, watoto wanakula nini leo?"

Jicho la Hondohondo lilimponyoka, likamtazama Bi Nguchiro. Na wote wakageuka, wakamtazama Bi Nguchiro. Kwa sababu, kusema kweli, ukoo wa nguchiro una sifa zake kuhusu mayai na vifaranga. Porini kote inajulikana.

Bi Nguchiro akashusha pumzi. "Msinitazame hivyo. Najua mnachowaza, na sikatai. Babu yangu alikula mayai mpaka akapata kitambi. Lakini Baba Hondohondo, mimi nina watoto sita. Siku hizi nikiona kinywa cha mtoto kimeachama, siwazi kukila. Nawaza nitakitia nini."

Hondohondo akafikiri. Akisema, huenda watoto wakaliwa. Asiposema, watakufa njaa, na mama yao pamoja nao. Jua linapanda. Na kwa mbali, kwa mbali sana, sikio la baba likasikia sauti ambayo wengine hawakuisikia: chii, chii, chii.

Machozi yakamtoka. Akamtua panzi chini.

"Jamani," alisema, "kwangu si shwari. Mke wangu yumo ndani ya mti, na watoto wawili. Mimi nimechoka. Nimechoka tangu mwezi uliopita. Nawapelekea chakula nusu, nawaambia nusu nyingine inakuja, na haiji. Nilikuwa naona aibu. Nisaidieni."

Mnadhani walimcheka? Mama Ngiri alipiga magoti pale pale. "Panda mgongoni," akasema. "Utuonyeshe njia. Mengine tutasemea huko huko."

Msafara ukaondoka. Mbele Mama Ngiri, mkia umesimama wima, Hondohondo mgongoni. Nyuma watoto wanne. Nyuma yao watoto sita. Nyuma yao watoto kumi na wanane, na Baba Mbuni anahesabu huku anatembea. Njiani Mama Ngiri alifukua ardhi kwa pua, ngu! ngu! ngu! akatoa mabuu manene. Bi Nguchiro aliingia vichakani, akatoka na panzi, akaingia tena, akatoka na mende. Wakafika kwenye mkwaju uliozeeka. Juu kidogo, pana tundu lililozibwa. Katikati ya udongo, pana ufa.

Baba Mbuni akachukua buu nono mdomoni. Akanyoosha shingo, akafika sawasawa. "Hodi!"

Ko! Akadonolewa pua.

"Mdomo gani huu?" sauti ikalia ndani. "Mpana, umebonyea! Huu si mdomo wa mume wangu! Ondoka!"

"Lo!" Baba Mbuni akarudi nyuma, anajifuta pua. "Mama wa watu yu mzima. Ana nguvu za kutosha."

Mama Ngiri akajaribu kwa sauti laini, ile anayoitumia kwa wageni. "Mama, sisi ni majirani. Tumekuletea chakula."

"Majirani? Mimi sina majirani! Hapa hapajulikani na mtu!"

Ko! ko! ko! Anagonga ufa kwa ndani. Na watoto wanalia: chii, chii, chii. Chakula kipo, njaa ipo, na kati yao pana ufa mmoja tu.

Wakamgeukia Hondohondo. Akashuka mgongoni kwa Mama Ngiri, akasimama chini ya mti, bawa linaburuta.

"Mke wangu," alianza, "hapa nje shwa..."

Mama Ngiri akamkazia macho.

Hondohondo akaanza upya. "Mke wangu, nimeanguka. Bawa limeteguka. Siwezi kukufikia leo, wala kesho, wala sijui lini. Nimewaambia majirani tulipo. Wewe pokea, watoto wale."

Kugonga kule ndani kukakoma.

"Umewaambia tulipo?"

"Nimewaambia."

"Wote?"

"Wote. Bi Nguchiro naye yumo."

Bi Nguchiro alitazama miguu yake. Halafu sauti ikaja, sasa si ya ukali.

"Siku arobaini, baba watoto. Siku arobaini nimo gizani na watoto wanaojua neno moja tu, 'lete!' Nakuuliza habari za nje, unasema shwari. Nakuuliza wewe je, unasema shwari. Unapenyeza panzi, unaondoka puruuu. Mimi humu nilidhani umenichoka."

"Kukuchoka wewe?" Hondohondo akasogea hadi kwenye shina. "Nilikuwa nakuficha nisikutie wasiwasi."

"Wasiwasi wangu ulikuwa hiyo shwari yako."

Kisha ncha ya mdomo ikatokeza ufani, taratibu. Ikalipokea buu kutoka kwa Baba Mbuni. Ikarudi ndani. Chii! Ikatokeza tena, ikapokea panzi wa Bi Nguchiro. Ikarudi ndani. Chii! Ikatokeza, ikarudi, ikatokeza, ikarudi, huku Mama Ngiri anafukua mabuu mengine chini ya mti, hadi vilio vikaisha. Na mama naye, mwisho wa wote, akala.

Alipomaliza, aliuliza, "Huyo anayefukua, ngu ngu ngu, ni nani? Wewe, watoto wako wanalala?"

"Walale!" Mama Ngiri akaangua sauti yake ile. "Mama, nani kakudanganya watoto wanalala?"

Ndani ya mti pakatoka kicheko. Kwa! kwa! kwa! Hondohondo akakisikiliza. Tangu siku ya kuziba mlango, hakuwa amekisikia kicheko hicho.

Kuanzia hapo soga za asubuhi zilihamia chini ya mkwaju. Mama Ngiri analeta mabuu, Bi Nguchiro analeta panzi, Baba Mbuni anapandisha kwa shingo. Kule ndani mama anapokea chakula na habari pamoja, na akichelewa kupewa habari anagonga, ko! ko! ko! Hondohondo alikaa chini, akasimulia uchovu wake wa mwezi mzima, akasimulia, akasimulia, hadi Bi Nguchiro akamwomba awaachie na wengine wachoke kidogo. Bawa likapona. Akaanza kuleta chakula tena, lakini hakukatazwa kupumzika, na yeye hakujikataza.

Siku ikafika, mama akaubomoa udongo. Ko! ko! pwaa! Akatoka, manyoya mapya, macho yanakwepa mwanga. Watoto wawili nyuma yake. Akashuka chini, akatazama huku na huku.

"Bi Nguchiro ni yupi?"

"Ni mimi," Bi Nguchiro akasema, akasogea nyuma hatua moja.

"Wewe? Mdogo hivi? Kwa maneno yale nilidhani una ukubwa wa nyati!"

Wote wakacheka. Bi Nguchiro hakucheka. Alikuwa anasubiri neno litakalofuata.

Mama Hondohondo akawasukuma watoto wake mbele, mmoja, wa pili, mpaka mbele ya miguu ya Bi Nguchiro.

"Nishikie hawa," akasema. "Nikanyooshe mabawa."

Puruuu! Akaruka juu, juu kabisa, mumewe pembeni yake. Na Bi Nguchiro akakaa chini, vifaranga wawili wamejibanza kifuani pake, akawakunjia mikono asitikisike, machozi yanamdondoka.

Basi funzo ni hili, nawapa wazi wazi msije mkalikosa. Mzazi aliyeelemewa aseme. Asiseme kwangu shwari huku amelala chali. Na wewe unayeambiwa, usimcheke, usitangaze. Inama, umwambie panda.

Hadithi yangu imetua hapo, chini ya mkwaju. Sasa nani ananishikia huyu mtoto, nikaepue maharage kabla hayajaungua?