Mkono Mtupu wa Mfinga

Hapo kale, milimani Mfinga, mbuzi walihesabiwa na vikapu vya maharage vilihesabiwa, lakini watoto hawakuhesabiwa. Ulikuwa mwiko. Anayehesabu watoto, walisema wazee, anakionyesha kifo njia ya nyumbani.

Aliyelea watoto mama zao walipokuwa shambani alikuwa Namkunda. Walipovuka kijito kwenda kuokota uyoga, kila mmoja alitumbukiza kokoto moja katika kibuyu cha Namkunda. Wakirudi, kila mmoja alitoa moja. Kibuyu kikiwa kitupu, Namkunda alishusha pumzi.

Siku moja mvua ilinyesha juu mlimani, na kijito kikaanza kujaa. Watoto walirudi mbio, wakatoa kokoto zao kwa kusukumana. Namkunda akatikisa kibuyu. Kokoto moja ikalia ndani.

Moja, lakini ya nani? Akaita majina. Watoto waliitikiana ovyo, "Yupo! Yupo!", kila mmoja akimjibia mwenzake. Maji yalikuwa yamefika kwenye jiwe la pili la kivuko, na mawe yalikuwa matatu tu.

"Nyamazeni! Kila mtu amshike mkono aliyekuwa akiokota naye."

Mikono ikashikana, wawili wawili. Mbonea, mtoto wa mfinyanzi, akabaki na mkono mtupu.

"Ulikuwa na nani, mwanangu?"

"Kanyeka. Amerudi kuchukua kikapu chake."

Namkunda alivuka maji yakimfika kiunoni. Alimkuta Kanyeka ng'ambo, amekumbatia mti, kikapu kichwani kama kofia. Akamrudisha mgongoni.

Jioni mzee Senzota alimjia juu. "Umewahesabu watoto wetu!"

"Sikuhesabu, baba. Nilitafuta mkono mtupu."

Mzee alikuna kidevu. Mbonea, aliyekuwa akisikiliza, akauliza.

"Bibi, na tukipotea wote wawili? Mkono mtupu utakuwa wa nani?"

Namkunda alilala na swali lile. Asubuhi, kabla ya mtoto yeyote kugusa maji, alizipanga jozi, jozi nyuma ya jozi, wanne wanne kama miguu ya kigoda. "Jozi ikikosekana, kigoda kimeyumba," aliwaambia, "pigeni kelele." Wakajifunza wenyewe kwamba jozi mbili ni kigoda, na vigoda viwili ni jozi nne. Siku alipozidi mtoto mmoja asiye na jozi, alisimama na Namkunda mwenyewe, ili naye asikose wa kumshika.

Na tangu siku hiyo, mtoto wa Mfinga hafundishwi moja kwanza. Hufundishwa mbili. Ukimwuliza tano ni nini, atakwambia ni kigoda na mkono mtupu. Saba ni kigoda, jozi, na mkono mtupu. Na mvua inyeshapo mlimani, mama wa Mfinga anayewapokea watoto kivukoni haangalii nyuso kwanza. Huangalia mikono.