Konokono Aliyemtafuta Bibi Yake Jiweni

Nibishe hodi?
— Bisha!
Moto unawaka?
— Unawaka, ingia na ngano yako!

Hapo kale, palikuwa na kilima chenye chemchemi moja. Kiangazi kikaja kikali, maji yakapungua. Wanyama wakakata shauri: atakayekunywa ni mwenye babu au bibi aliyeishi na kuzikwa kilimani. Wengine wahame.

Bi Konokono akaingiwa na hofu. Kwa mwendo wake ule, ahamie wapi asikaukie njiani?

Mwamuzi alikuwa Pimbi, mkaa mapangoni, mdadisi huyo! "Leteni ushahidi," akasema.

Mbuni akaleta jiwe la mviringo. "Yai la bibi yangu hili!"

Pimbi akaimba: "Jiwe, nje nimekuona, nikuone na ndani!" Akalipasua, pa! Juu jiwe, kati jiwe, chini jiwe. "Ganda liko wapi? Kiini kiko wapi? Hili ni jiwe tu, mwenzangu."

Swala akaleta jiwe lenye michoro ya majani. "Malisho ya babu yangu haya!"

"Jiwe, nje nimekuona, nikuone na ndani!" Pa! Ndani jeupe tupu. Pimbi akaichungulia ile michoro. "Majani gani hayana mishipa? Maji yenye kutu yamepita kwenye ufa, yakachora."

Mwisho akaja Bi Konokono akisukuma kijiwe chenye mchoro wa mzunguko. Wakamcheka. "Na huo mchoro wa maji!"

"Jiwe, nje nimekuona, nikuone na ndani!" Pa! Mzunguko ukaendelea hadi ndani, na ganda lake jembamba. Pimbi akaulinganisha na nyumba ya mgongoni mwa Bi Konokono: ulikwenda vilevile.

"Bibi!" akalia Konokono. "Bibi yangu jamani!"

Pimbi hakutosheka. Akainamia kijiwe tena. "Mbona pembeni yake mna mwiba wa samaki? Samaki alipandaje kilima?"

Wote wakasogea kuchungulia.

"Basi hapa palikuwa na maji matupu," akasema Pimbi. "Mwenyeji ni Bi Konokono peke yake. Sisi wote, na mimi nimo, tumehamia."

Wanyama wakatazamana. Sasa wa kufukuzwa walikuwa wao. Bi Konokono akawatazama mmoja mmoja.

"Bibi yangu aliishi na samaki, hakumfukuza," akasema. "Njooni tunywe. Ila mwenyeji ndiye anayetangulia, na asinipite mtu."

Wakamfuata nyuma, polepole, Mbuni na miguu yake yote ile!

Ngano imefika, moto na upoe. Kabla hujamwambia mwenzio ahame, pasua jiwe kwanza uone nani alikutangulia. Mimi nilikuwa mwisho wa mstari ule, na mpaka leo sijafika majini. Nani ana chai?