Mnunuzi Aliyekubali Bei

Katika mji wa Korogwe aliishi mpiga picha aliyebakiwa na kamera moja na jicho moja. Watu walimwita Mzee Hoza. Kwa miaka thelathini alikuwa amewapiga picha maharusi, wahitimu, na wafiwa waliotaka kumbukumbu ya kaburi, na mtaani kwake ilikuwa vigumu kupata sebule isiyokuwa na kazi yake ukutani. Jicho la kushoto liliuliwa na presha ya macho, ugonjwa usiouma wala kupiga hodi. Alipofika hospitali kule Moshi, daktari alimwambia kwamba la kushoto limekwisha, hakuna la kufanya, na la kulia limeshika njia hiyo hiyo. Likipasuliwa ndani ya mwezi ule litabaki na nuru lililo nayo. Likicheleweshwa litamfuata mwenzake.

Hoza hakuwa na ng'ombe wala kiwanja. Alikuwa na mke, Mwantumu, na alikuwa na ile kamera. Akaamua kuiuza kwenye kundi la mtandaoni, lile ambalo watu wa mkoa mzima huuziana simu, redio, friji na kompyuta zilizokwisha kutumika. Bei aliyoipanga ni laki tisa. Ingelipa nauli ya watu wawili, kitanda na kazi ya daktari, na chenji ingebaki.

Lakini lenzi ya kamera ile ilikuwa na ukungu ndani. Uliingia msimu mmoja wa masika, kamera ilipolala wiki tatu kwenye begi lenye unyevu, ukatanda kwenye kioo cha ndani ambako kitambaa hakifiki. Mtu asingeuona mpaka aishike lenzi kwenye mwanga. Hoza alijua. Alipopiga picha za tangazo aliigeuza lenzi upande wa kivuli, na chini akaandika kwamba kamera ni safi, haina tatizo lolote. Mwantumu, ambaye siku zile ndiye aliyekuwa akimsomea maandishi madogo, alimuuliza, "Na ule ukungu je?" Hoza akamjibu kwamba mnunuzi naye ana macho yake.

Msidhani mtu huyu alikuwa mjinga. Watu wengi wakisikia habari za aliyeibiwa hukimbilia kumcheka, maana kumcheka kunawafanya wajione wajanja. Hoza alikuwa amesikia visa vyote vya mtandaoni. Alimjua fundi mmoja aliyeitwa aende nyumba ya wageni kuuza kompyuta yake akarudi bila kompyuta na bila viatu. Alimjua mama aliyeweka televisheni kwenye basi kwa ahadi ya kulipwa ikifika, na hadi leo televisheni haijafika. Kwa hiyo alijiwekea sheria. Mnunuzi aje nyumbani, mchana. Aje na kitambulisho. Mzigo usitoke kabla pesa haijaingia, na pesa ikiingia, liangaliwe salio kwanza, sio ujumbe. Zilikuwa sheria nzuri. Hata mimi ningekushauri hizo hizo.

Wa kwanza kuja alikuwa binti wa Mombo, Namkunda. Alikuwa amefanya kazi ya kushona sare za shule kwa miaka mitatu, na sasa alitaka kufungua kibanda cha picha karibu na shule. Aliamkia shikamoo, akakaa pembeni ya kochi, akaanza kuuliza. Kamera imeshapiga picha ngapi? Imewahi kuanguka? Kwa nini baba anaiuza? Hoza alijibu kwa ufupi, na kila swali lilimchoma. Miaka thelathini watu walikuwa wakimwambia yeye ndiye fundi, leo binti wa juzi anamhoji kama mtuhumiwa.

Namkunda akaifungua lenzi. Alifanya hivyo taratibu, kwa mkono uliozoea vitu vidogo. Akasimama, akaenda mlangoni kwenye jua, akaishika lenzi juu na kuichungulia.

Binti alirudi akasema kwa sauti ya chini kwamba ndani mna ukungu. Hakumwita Hoza mwongo. Alisema anamjua fundi anayeweza kuusafisha, ila ni kazi ya gharama, kwa hiyo anaomba apunguziwe, atoe laki saba na nusu. Pia anaomba arudi kesho na huyo fundi waikague pamoja, na hiyo pesa atakuja nayo mkononi.

Laki saba na nusu zilitosha safari na matibabu ya Moshi. Hoza alilijua hilo kabla binti hajamaliza kusema. Lakini aliyekuwa akisikiliza pale hakuwa mgonjwa wa jicho. Alikuwa mtu aliyefumaniwa. Akasema lile ni vumbi tu. Akataka kitambulisho, na alipopewa akakigeuzageuza kana kwamba kimefojiwa. Akamuuliza mshona sare anapata wapi pesa zote hizo. Mwisho akasema wazi kwamba wezi wa mtandaoni siku hizi hutanguliza wasichana waje kuchungulia nyumba za watu. Namkunda aliirudisha lenzi mahali pake, akafunga kifuniko, akafunga begi. Aliaga vizuri, tena kwa heshima. Mwantumu alimsindikiza hadi barabarani akiona haya kumtazama usoni.

Aliporudi alimwambia mumewe kwamba yule ndiye mnunuzi, na kwamba bado hajafika stendi, amwite. Hoza akasema hawezi kumuuzia mtu aliyemwona mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Siku ya tatu alikuja mwingine. Alijiita Castory, mhandisi wa barabara. Shati lilikuwa limenyooka, viatu vinang'aa, na alipoamkia aliinama mpaka Mwantumu akatabasamu. Kitambulisho alikitoa bila kuombwa, akakiweka mezani, na kwa kuwa alikitoa mwenyewe Hoza aliona ni utovu wa adabu kukisoma. Castory hakukaa mara moja. Alizunguka sebuleni akitazama picha za ukutani, akasimama mbele ya moja ya harusi ya zamani, akatikisa kichwa. Akasema vijana wa leo wanabonyeza tu, hawapigi picha. Hoza alikuwa hajasikia neno kama hilo tangu jicho la kwanza lilipozimika, na lilimwingia kama uji wa moto kwa mwenye njaa.

Kamera ikaletwa. Castory aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akairudisha mezani. Hakuifungua. Hakuuliza imepiga picha ngapi. Hakwenda mlangoni. Hoza alikaa akilisubiri swali la lenzi, jibu lake la vumbi likiwa tayari mdomoni, na swali halikuja. Akashindwa kuvumilia, akamwambia mgeni aikague basi, asije akalalamika baadaye. Castory akacheka kidogo, akamshika mkono, akamwambia, "Mzee wangu, mtu kama wewe hakaguliwi."

Hapo ndipo alipouzwa Hoza, wala si kamera. Bei haikuzungumzwa hata kidogo. Laki tisa ilikubaliwa kama ilivyo. Hoza aliona amempata muungwana. Hakujiuliza ni mtu gani katika nchi hii anayenunua kitu kilichotumika bila kuomba kupunguziwa hata nauli ya kurudia. Mwenye nia ya kulipa huomba kupunguziwa, kwa sababu pesa inamuuma. Huyu hakuumwa, kwa sababu hakuwa na nia ya kutoa hata senti.

Hoza akamwambia mkewe aweke chai, tena ya maziwa. Mwantumu akaenda jikoni uani. Castory akabonyeza simu yake, na baada ya muda mfupi simu ya Hoza ikalia. Aliileta karibu na jicho. Herufi zilikuwa zinacheza, lakini aliiona tisa na masifuri yake, na aliliona neno la kupokea. Kidole kikaenda kwenye namba za kuangalia salio. Sheria ilikuwa yake, aliitunga mwenyewe kwa kusikia vilio vya wenzake.

Kidole kikasimama. Atamkaguaje mtu ambaye punde tu amekataa kumkagua yeye? Ingekuwa kumtemea mate. Ndivyo alivyojiambia, na ni kweli kwamba sisi watu wa haya hufa na haya zetu. Ila palikuwa na sababu nyingine chini ya hiyo, na hiyo hakuitamka hata moyoni. Aliogopa kwamba akianza yeye kukagua, na mgeni naye atakumbuka kukagua. Akaitia simu mfukoni. Akaongeza betri ya akiba na chaja bila kuombwa. Castory akasema ana haraka, mafundi wanamsubiri barabarani, chai atakunywa siku nyingine.

Mwantumu aliingia na sinia akakuta kochi tupu. Aliuliza kama pesa imeingia, Hoza akasema imeingia. Akaomba simu, akasoma. Ujumbe ulikuwa umeandikwa vizuri, kama jumbe za muamala zinavyoandikwa, lakini ulitoka kwenye namba ya mtu binafsi. Akaangalia salio. Lilikuwa lile lile la asubuhi, la kununulia mkate na sukari. Mwantumu aliketi sakafuni pale pale alipokuwa amesimama, akashika kichwa.

Namba ya Castory haikupatikana tena. Polisi walichukua maelezo, wakauliza namba iliyochongwa chini ya kamera, na Hoza hakuwahi kuiandika popote. Mtaani habari zikaenea kabla ya jioni. Waliokuwa wakimpenda walisema pole, na wasiompenda nao walisema pole, kisha wakifika kwenye kona walicheka kwamba Mzee Hoza kaingizwa mjini. Yeye akageuka mhubiri. Kila aliyepita mlangoni kwake alisimamishwa akaelezwa ubaya wa wanunuzi wa mtandaoni, hila zao, ndimi zao, mashati yao yaliyonyooka. Alieleza yote, hatua kwa hatua, mpaka ile chai ya maziwa iliyobaki kwenye sinia. Habari za ukungu hakumweleza hata mtu mmoja.

Baada ya siku tisa Mwantumu alikuwa akipitia kundi lile lile, akasimama. Kulikuwa na tangazo jipya la kamera, muuzaji wa jina jingine, mji mwingine. Aliitambua kwa mkwaruzo wa kwenye kona, aliousababisha mwenyewe mwaka alioiangusha. Picha ya kwanza ilionyesha lenzi imeshikwa kwenye jua, ukungu wote unaonekana kama pumzi kwenye kioo. Chini yake paliandikwa: lenzi ina ukungu kidogo, usije ukasema hukuambiwa, bei inazungumzika, njoo na fundi wako ukague mpaka uridhike.

Mwantumu alimsomea mumewe mara moja. Hoza akamwambia arudie, akarudia. Mwizi alikuwa ameandika, kwa mistari mitatu na bila kuona tabu, maneno ambayo mwenye mali alishindwa kuyaandika ingawa jicho lake lilikuwa rehani. Mwantumu alipiga ile namba ya tangazo kwa simu yake, akataja Korogwe, na ndani ya saa moja tangazo likafutwa. Siku ile Mwantumu hakula na mumewe. Alimwekea chakula, akaenda kukaa uani, na alipoitwa alijibu, "Niache kwanza, baba," bila kugeuka.

Mwezi wa daktari ukaisha. Watu wa mtaa, wale wale waliocheka kwenye kona, walichanga, kwa kuwa wanadamu hawako upande mmoja tu. Lakini michango ni elfu mbili leo na elfu tano keshokutwa, na ilipotimia, mwezi wa tatu tangu kauli ya daktari ulikuwa unaingia. Mwantumu alimshika mkono kupanda basi la Moshi, kwa sababu ngazi alikuwa hazioni. Daktari alimketisha, akammulika, akaanza kuuliza. Lini nuru ilianza kupungua zaidi? Dawa ya matone aliitia kila siku au aliacha? Kwa nini hakuja mwezi ule alioambiwa? Hoza alijibu kila swali kwa kweli tupu, bila kupunguza wala kuficha, na alipofika kwenye swali la mwisho alieleza yote, hata ukungu aliueleza, mbele ya mkewe na muuguzi, akilia. Ilikuwa mara ya kwanza kuusema.

Daktari aliizima taa, akamwambia kwamba jicho limekwisha.

Sasa nawauliza ninyi mlioketi hapa na macho yenu mawili: mara ya mwisho mtu alipokwambia kwamba mtu kama wewe hakaguliwi, ulimkabidhi nini?