Ngao Ndefu za Kikosi cha Bulekela

Leo mmewaona askari wa mtemi wakipita na ngao zinazowafunika toka utosini hadi vidoleni, mkacheka eti ni milango inayotembea. Chekeni tu. Bila ngao hizo baadhi yenu msingezaliwa.

Enzi hizo Bulekela haikuwa na kikosi. Kila mwanamume alijiita askari, na kwa maneno walikuwa hodari kweli. Ila kulikuwa na mwiko: mwanamume asitazamane na mama mkwe wake. Akimwona njiani, lazima aruke kichakani na kujifunika uso mpaka apite. Na nchi yetu ni ndogo, karibu kila mama mtu mzima alikuwa mkwe wa mtu.

Wavamizi wa ng'ambo ya mto wakaligundua hilo. Msimu mmoja wa mavuno waliwakamata akina mama waliokuwa mtoni wakiloweka mihogo, wakawatanguliza mbele yao. Wanaume wetu kuona wakwe zao wanakuja, walitupa mikuki wakaruka vichakani. Wavamizi wakapita, wakachota mtama wote, wakaondoka na wale mama. Naona aibu kulisimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mmoja wa waliochukuliwa alikuwa Milembe. Binti yake alilia siku tatu bila kula. Siku ya nne mumewe, Shigela, akamwambia, "Nitamfuata mama."

"Utamfuata vipi," mkewe akauliza, "na wewe hata mgongo wake huwezi kuutazama?"

Shigela akawaendea wageni wawili waliokuwa wakiishi kwetu, watu ambao hakuna aliyewahi kuwaomba shauri. Lemayan, mfugaji wa nyika, akamwonyesha ngao ya ngozi ya nyati, ndefu kuliko yeye mwenyewe. "Nyuma ya hii hakuna akuonaye, nawe humwoni mtu," alisema.

"Sasa nitapigana na nani, kama sioni?"

Wa pili, Ferhani, alikuwa mpagazi aliyeachwa na msafara kwa sababu ya kidonda cha mguu. Kwa mabwana wa msafara alikuwa amejifunza jinsi watu wanavyokwenda kwa mstari, wakafungua njia na kuifunga, kwa amri tu. Amri zenyewe zilikuwa za lugha ya mbali. Hata yeye hakujua maana yake, alijua tu miguu ifanye nini. "Mimi hapa sina mkwe," alisema. "Nitaona kwa niaba yenu."

Wanaume thelathini wakatengeneza ngao kama ile ya Lemayan, wakajifunza mwezi mzima, wakikanyagana na kutukanana. Kisha wakavuka mto.

Wavamizi wakawatanguliza akina mama kama walivyofanya mwanzo, wakangoja kuona watu wakiruka. Hakuna aliyeruka. Ukuta wa ngozi ukaja taratibu. Ferhani akapaza sauti, ukuta ukafunguka katikati, akina mama wakapita. Akapaza tena, ukajifunga nyuma yao. Mikuki ya wavamizi ikagonga ngozi ya nyati ikaanguka chini. Walipoona hivyo walitimua mbio, na mpaka leo hawajarudi.

Jamani, furaha ya siku ile! Akina mama walilia na kucheka pamoja. Shigela alikaa uani nyuma ya ngao yake, moyo umetua. Milembe akapika ugali kwa maharage, akaweka chungu kando ya ngao, akageuza mgongo.

"Sijamwona mtu," alisema. "Lakini huyo aliyenileta nyumbani ale ashibe. Ni mwanangu."

Shigela alikula huku machozi yakimtiririka.

Na tangu siku hiyo kikosi cha mtemi hubeba ngao za nyika, hutembea kwa amri zisizojulikana maana, na asiye na mkwe hachukuliwi, ila yule mpaza amri tu. Askari mpya, kabla ya kupewa mkuki, huketi nyuma ya ngao akingoja chungu. Mama mkwe akikileta, ni askari. Asipokileta, kijana huambiwa arudi nyumbani kwanza, akamtunze vizuri binti wa watu.